Supu ya Tenka

Meneja wetu mpya aliniomba kurasa mbili. Alisema, Mama Elia, kabla hujaenda kulima vitunguu vyako, tuandikie mambo ya usalama na ya utapeli wa kwenye pampu, tuwasomeshe hawa wanaoanza. Alitaka zibandikwe ukutani karibu na kizimamoto. Zimezidi mbili, na akishazisoma sidhani atazibandika popote. Shauri yake. Mimi nitamkabidhi.

Naandika kwa sababu ya mtu mmoja anayeitwa Salimu. Watu wa Oldeani wanaamini kwamba alimuua mwanamke kwa tamaa ya kuchanganya mafuta. Hakuua na hakuchanganya. Aliyechanganya ni mimi, na kwa miaka kumi na tatu nimemwacha abebe jina hilo mchana kweupe, nikiwa nimevaa sare ya kazi na kuwaambia madereva wazime simu. Sasa mnajua tunakokwenda, kwa hiyo nisimulie kwa utaratibu.

Mimi ni mtu wa Buger, kwa wakulima wa mahindi na maharage. Nilifika Karatu mjini na mtoto mgongoni. Baba yake alikuwa ameaga kwamba anakwenda Arusha kutafuta maisha, na nadhani bado anatafuta. Sheli niliyopata kazi ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa hapa hapa, pampu tatu, paa la bati, kando ya barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Ilikuwa sehemu ambayo gari la watalii linajaza tanki kabla ya kupanda mlima, na pikapu ya kwenda Samunge inajaza tanki, madumu na kila kitu chenye mdomo, kwa sababu huko mbele hakuna uhakika.

Mkuu wa uwanja wa pampu alikuwa Mzee Bura. Alikuwa ameendesha trekta kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani kabla ya kuja kwetu, na alikuwa Mwiraqw mwenzangu. Alinikaripia kwa Kiiraqw na kunisifu kwa Kiswahili, kwa hiyo sifa zake zilisikika kama hotuba ya mwenyekiti wa kijiji, na zilikuwa chache vilevile. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa chochote. Alinisimamisha kwenye kivuli cha bati mpaka saa saba, akaniambia nitazame mikono ya watu na si nyuso zao. Alasiri akanipa mkono wa pampu, nikajaza lori la mahindi, dizeli ikarudi juu ikanilowesha kifua chote. Nilioga kwa sabuni ya kufulia mara tatu, na bado Elia alikataa ziwa siku mbili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi hii huiachi kazini.

Kutazama mikono kulinifaa. Mnaoanza mtaambiwa kwamba utapeli ni wa muuzaji, na kweli sisi tunao. Kuna anayeanza kumimina kabla namba hazijarudi sifuri, huku mwenzake akimwuliza dereva habari za barabara ya Loliondo. Kuna anayekatisha katikati, anajifanya amesikia vibaya, halafu anaendelea kutoka pale pale, na mteja anahesabiwa lita za mwanzo mara mbili. Lakini na wenzetu wa upande wa pili wapo. Sijui ni madereva wangapi wa watalii walioniomba risiti ya lita themanini kwa mafuta ya lita sitini, tena kwa sauti ya upole, dada yangu, dada yangu, kama tunagawana sadaka. Ukikataa leo, kesho unaitwa mama mkali. Nimeitwa hivyo miaka mingi na sijafa.

Usalama ndio uliokuwa unanitoa jasho. Bodaboda wanakuja injini ikinguruma, wamekaa juu ya pikipiki, abiria nyuma ana simu sikioni, na ukimwambia ashuke anakutazama kama umemtukana mama yake. Madereva wa pikapu za Loliondo wana tabia ya kutingisha gari wakati linajazwa. Watu wawili wanalishika ubavuni na kulisukuma huku na huku ili hewa itoke, tanki lipokee lita mbili tatu za ziada. Naelewa kwa nini, njia ni ndefu. Lakini petroli inaruka nje kwenye shingo ya tanki, na wao wanacheka. Halafu kuna dumu la plastiki linalojazwa likiwa juu ya bodi ya pikapu. Dumu liwekwe chini, ardhini, kila mara. Cheche ndogo usiyoiona inazaliwa pale kati ya plastiki na mpira wa pampu, na huna wa kumlaumu. Mzee mmoja mfugaji kutoka juu huko aliwahi kuniuliza, akiniita mama kwa Kimaasai, yeyo, mafuta yanaogopa nini hata tuyashushe chini? Nikamwambia hayaogopi kitu, sisi ndio tunaoogopa. Akalishusha. Alinielewa kuliko madereva wote wa mjini.

Mzee Bura alinifundisha kupokea tenka, lori linaloleta mafuta, kazi ambayo wanawake walikuwa hawapewi. Kwanza unapiga dipu. Unashusha fito ndefu ya kupimia kwenye tanki la chini, umeipaka dawa nchani, na dawa ikibadilika rangi ujue kuna maji. Halafu unapima mafuta yenyewe kwa karatasi. Unadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na kulipepea. Petroli inakauka na karatasi inabaki kama ilivyokuwa. Mafuta ya taa yanaacha doa. Alikuwa anabeba karatasi za daftari mfuko wa shati, zimekatwa vipande sawa sawa, na sikumwona hata siku moja akipokea mafuta bila kupepea karatasi. Wenzangu walimwita mwalimu. Na mimi nilimwita hivyo.

Sasa nieleze supu, maana nyinyi hamkuikuta.

Tenka likishamaliza kushusha, ndani ya mpira wake mnene na pembeni mwa vyumba vyake hubaki mafuta. Si mengi, ila yakikingwa vizuri unapata nusu ndoo, pengine ndoo. Mwenye sheli alikuwa anajua na alikuwa ametuachia. Tuliita supu, na tulikunywa kwa zamu. Jumatatu hii ya fulani, tenka lijalo la fulani. Hakuna aliyeona kuwa ni wizi. Ilikuwa haki ya mtu wa uwanjani, kama mchinjaji anavyoondoka na utumbo. Supu ya petroli tuliwauzia bodaboda, ya dizeli watu wa trekta, na supu ya mafuta ya taa walichukua wenye maduka ya vijijini. Haikuwa na risiti kwa sababu haikuwa imepita kwenye pampu. Mzee Bura hakuipenda, lakini hakuizuia. Alichoweka ni sharti moja, kwamba kila mafuta yawe na ndoo yake na hakuna kuchanganya hata kijiko.

Salimu alikuwa mteja wetu wa supu. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, amekaa Oldeani tangu ujana, ana duka dogo karibu na nyumba za wafanyakazi wa kahawa. Aliuza chumvi, sabuni, viberiti, na mafuta ya taa kutoka kwenye pipa lenye koki. Alikuwa mtu wa kuuliza uliza. Akinunua kamba atauliza imesokotwa wapi. Wenzangu walimwona msumbufu, mimi nilimpenda, kwa sababu alikuwa ananiuliza habari za Elia kwa jina na kusubiri jibu.

Jumatatu hiyo Mzee Bura alikuwa msibani. Tenka lilikuja na petroli na mafuta ya taa, na zamu ya supu ilikuwa yangu. Nilikinga mafuta ya taa, nikapata lita kama kumi na tano. Petroli nikapata tano. Sasa bodaboda wote walikuwa wamekwenda mnadani na hakuna wa kumpa ile petroli, na kulaza petroli stoo kulikuwa marufuku. Ningeweza kuimwaga kwenye mchanga. Mzee Bura angeimwaga.

Lakini palikuwa na maneno yaliyokuwa yanazunguka kati yetu wauza mafuta, sijui yalianzia wapi, kwamba petroli kidogo inasafisha mafuta ya taa. Eti moto unakuwa mweupe, masizi yanapungua, utambi haukauki. Nilikuwa nimeyasikia tangu mwaka wa kwanza. Nikayaamini siku ile kwa sababu yalinifaa siku ile. Nikamimina lita tano juu ya zile kumi na tano, dumu la lita ishirini likajaa hadi shingoni. Nikachukua kipande cha karatasi, nikadondosha tone, nikapepea. Doa lilibaki, nikajiambia basi ni mafuta ya taa. Lazima lingebaki, robo tatu yake ilikuwa mafuta ya taa. Niliutumia ujuzi wa Mzee Bura kujidanganya mwenyewe, na hilo linaniuma mpaka leo kuliko mambo mengi.

Salimu alifika kama saa tisa. Nilimwambia ana bahati, leo dumu limejaa. Alilifungua, akanusa, akasita. Watu wa dukani wana pua.

"Mama Elia, haya ni safi? Mimi nauzia watu wenye watoto."

"Safi, baba," nikasema.

Akafunga dumu kwenye pikipiki kwa mpira wa baiskeli, akaenda zake.

Alhamisi mchana nilikuwa najaza pikapu iliyotoka Oldeani. Dereva akawa ananisimulia kwamba huko kwao kuna mama ameungua vibaya sana, anaitwa Natalia, mkewe Petro, wanafanya palizi kwenye kahawa. Ilikuwa masika, kuni zimelowa, akaamua kuchemsha chai kwenye jiko la mchina, lile la utambi. Alikuwa amenunua mafuta ya taa, chupa moja ya soda, kwa Salimu. Alipowasha kiberiti, jiko lilipasuka. Binti yao wa miaka minne alikuwa nje na baba yake, hiyo ndiyo salama yake. Dereva alikuwa bado anaongea, mimi nimesahau mkono wa pampu, dizeli ikajaa ikamwagika mpaka kwenye tairi. Ukiacha siku yangu ya kwanza, katika miaka yangu yote ni mara hiyo moja tu nilipomwaga mafuta.

Natalia aliishi siku kumi na moja. Nilikuwa nahesabu. Kila gari la Oldeani lililoingia nilikuwa nauliza habari kwa juu juu, kama mtu anayeuliza mvua. Siku ya kumi na moja dereva yule yule alinijibu kwa kutikisa kichwa tu, nikaendelea kujaza.

Kabla Natalia hajafa, wanaume wa pale walikuwa wameshabomoa mlango wa duka la Salimu. Walipindua pipa, wakasambaza chumvi yake kwenye tope. Petro alikuwa mbele yao. Polisi walipofika walichukua mafuta yaliyobaki kwenye pipa, wakaona yana petroli, na hapo kila mtu akawa ameshajua kila kitu. Mwenye duka anachanganya ili apate zaidi. Nani asiyeijua hadithi hiyo? Hata mimi nisingekuwa mimi ningeiamini.

Salimu aliwaambia amenunua kwetu. Wakamleta mpaka uwanjani, amekaa nyuma ya gari la polisi, shati limechanika begani. Mwenye sheli alitoka ofisini na risiti zake na vipimo vya matanki, na vyote vilikuwa sahihi, kwa sababu mafuta ya kwenye matanki yalikuwa safi kabisa. Askari akaniita. Akasema huyu mzee anadai alichukua dumu kwako Jumatatu, ni kweli?

Mzee Bura alikuwa bado hajarudi. Elia alikuwa anasoma sekondari ya bweni. Mwenye sheli alikuwa ananitazama. Nayataja haya kwa sababu yalikuwepo pale. Sisemi kwamba yanatosha.

"Hapana," nikasema. "Mafuta yetu yote yanapita kwenye pampu na yana risiti."

Nililisema vizuri, bila kutetemeka. Mwenye sheli akatikisa kichwa kukubali. Salimu hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama Elia," kama anavyoniita siku zote, na gari likaondoka.

Mzee Bura alirudi wiki iliyofuata. Hakuniuliza kuhusu Salimu. Alikaa na kitabu cha kupokelea tenka, akafikiri, kisha akaniuliza kwa Kiiraqw ile petroli ya supu ya Jumatatu nilimpa nani, maana siku ya mnada bodaboda hawapo. Nikamwambia ukweli. Ndiye mtu pekee niliyemwambia. Akachukua mtaimbo, akatoka nje na kutoboa ndoo zote tatu matako. Supu ikaishia hapo. Wenzangu walimlaani kwa miezi, wakidhani ni uzee. Nilimwuliza kama atakwenda polisi. Akasema haendi, ulimi uliosema hapana mbele ya askari ni wangu mimi na ndio unaopaswa kwenda. Baada ya siku ile hakunisemesha Kiiraqw tena. Alikuwa ananiambia tafadhali na ahsante, kwa Kiswahili, kama anavyowaambia wateja, mpaka alipostaafu. Alipofariki nilikwenda mazishini nikakaa nyuma kabisa.

Salimu alikaa mahabusu miezi minne. Wakamwachia kwa sababu haikuthibitika kwamba alichanganya yeye, na mtu akitoka kwa njia hiyo watu husema amehonga. Wakampa jina, Salimu Petroli. Mkewe alichukua mabinti akarudi Kondoa, akasema hawezi kuwalea chini ya jina hilo. Duka halikufunguka tena. Akahamia Karatu mjini, akawa anakata viatu vya katambuga kutoka kwenye matairi mabovu, anawauzia wafugaji wanaoshuka sokoni.

Nilikuwa namwona kila wiki. Banda lake liko upande wa chini wa mji na barabara inapita mbele yetu. Pikipiki yake ni ya zamani, inakula mafuta. Mara nyingi ilimzimikia kabla ya kufika kwetu, na alikuwa akiisukuma kwa mikono, jasho linamtoka, anapita mbele ya pampu zangu tatu bila kugeuza shingo, anakwenda kujaza kituo cha mbele. Wafanyakazi wapya walikuwa wanacheka, wanasema yule mzee ana kichaa gani, mafuta haya hapa. Mimi nilikuwa nawakemea wafanye kazi. Miaka kumi na tatu.

Mtaniuliza niliwezaje kuishi. Niliishi vizuri tu, hilo ndilo baya lenyewe. Nikawa mkali wa usalama kuliko mtu yeyote barabara hii. Sijawahi tena kumwachia mtu dumu juu ya bodi. Kila chombo nilinusa, kila tenka nilipepea karatasi mara mbili. Niliwafukuza vijana wawili kazini kwa kukinga mafuta ya mpirani, na mmoja alilia mbele yangu, na nikamwambia maneno mazito kuhusu roho za watu. Nikikumbuka maneno yale naona aibu mpaka masikioni.

Siku ya kuniaga walinipa kitenge na jembe, utani wa vitunguu. Meneja akasimama akasema kwamba kwa miaka ishirini na tisa hakuna moto uliowahi kutokea kwenye pampu ya Mama Elia. Watu wakapiga makofi. Ilikuwa kweli, haukutokea kwenye pampu yangu. Uliwaka Oldeani, kwenye chumba kimoja cha mfanyakazi wa kahawa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Salimu. Alikuwa amekaa chini, tairi kati ya miguu, anachonga soli kwa kisu. Nilimsalimu, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamwambia yote. Lita tano, mnada, yale maneno ya moto mweupe, karatasi, jibu langu kwa askari. Niliongea muda mrefu na yeye aliendelea kuchonga. Nilipofika mwisho nikapiga magoti pale kwenye vipande vya mpira na kuomba msamaha.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, baba."

"Mimi nilijua tangu siku ile. Nilikuwa nyuma ya gari, nilikusikia." Akaweka kisu chini. "Kuniambia mimi ni kujipumzisha wewe. Mimi sina cha kujifunza hapo. Kawaambie waliobomoa mlango."

Nikasema nitakwenda. Akasema haya, kesho, na yeye atafunga banda twende wote, maana akiniachia niende peke yangu nitapotea njia. Hakuwa anatania. Alikuwa na haki ya kutoniamini.

Nilikodi bodaboda, yeye akaja nyuma kwa pikipiki yake. Hata siku ile alipita kituo chetu akaenda kujaza kwa wenzetu. Njia ya Oldeani ilikuwa tope tupu na ukungu, tulifika tumechafuka mpaka kiunoni. Petro anakaa bado kwenye nyumba ile ile. Amezeeka, mgongo umepinda. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, na majirani watatu wanaume walikuwa naye kama kawaida ya Jumapili. Alipomwona Salimu alikunja uso. Hakuitikia salamu yake. Hakuna aliyetuambia tuketi.

Kwa hiyo nilisema nikiwa nimesimama. Nilisema jina langu, nilikofanya kazi, na kwamba mafuta yaliyomuua Natalia niliyachanganya mimi kwa mikono yangu, Salimu akayanunua akiniamini, na polisi walipouliza nilikana. Petro akaanza kuuliza, taratibu, kama mtu anayepima kitu.

"Petroli lita ngapi?"

"Tano."

"Ulijua?"

"Nilijua nimeiweka. Sikujua itafanya nini."

"Na ulipojua?"

Nimefanya kazi na maneno ya watu miaka ishirini na tisa, kila dereva na uongo wake, na sikupata hata neno moja. Nilitazama tope kwenye viatu vyangu.

Petro akamgeukia Salimu. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama. Sauti yake ilikuwa chini sana.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema," Salimu akajibu. "Nilisema mkiwa mnabomoa mlango. Nilisema na polisi. Nilipotoka nilikuja hapa kwako kusema, ukaniachia mbwa."

Jirani mmoja akakohoa akaondoka. Petro akainuka, kwa shida, kwa ule mgongo wake, akachukua kigoda alichokuwa amekalia, akakifuta kwa kiganja na kukiweka mbele ya Salimu. Akasema, "Keti, baba." Salimu akaketi. Niliona mabega yake yakitikisika, na Petro akasimama karibu naye akitazama upande mwingine mpaka alipotulia.

Baadaye Petro aliita ndani waletewe chai. Aliyetoka nayo alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na saba, na sikuhitaji kuambiwa ni binti wa nani. Alikuwa amesikia yote kutoka ndani, nyumba ni chumba kimoja. Kwetu mgeni hanyimwi chai, hata awe mdai, hata awe adui. Sinia lilikuwa na vikombe viwili. Alimpa Salimu kimoja kwa mikono miwili, cha pili akampa baba yake, akanipita akarudi ndani. Nilisimama pale mpaka walipomaliza kunywa.